Madarasa Yapo, Chaki Anunue Nani?

Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali ana Sh500 zake kwa mwezi. Hizo ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule: Sh6,000 kwa mwaka, gawanya kwa miezi 12. Kwa Sh500 hizo mwalimu mkuu anatakiwa anunue chaki, atoe mitihani, alipe maji na umeme, abadilishe kitasa kilichong'oka, azibe bati linalovuja, anunue mpira wa watoto kucheza, na mwisho wa mwezi aandike taarifa ya matumizi. Hapa Arusha, panda daladala pale Kilombero uende Tengeru ukiwa na Sh500 mkononi, uone konda atakushushia wapi.

Kiwango kamili ni Sh10,000, lakini Sh4,000 hazifiki shuleni. Zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sekondari ni Sh25,000, na huko nako nusu ni ya vitabu. Walimu wanaziita kapitesheni. Zilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa 2001, na hesabu ya wakati huo ilikuwa nyepesi: dola 10 kwa mtoto. Leo Sh10,000 hazifiki hata dola 5, na bei za madukani zimepanda zaidi ya mara tatu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 sasa ana mtoto wake darasani, na mtoto huyo anahesabiwa kwa Sh10,000 zilezile za mama yake.

Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, ilikuwa nafasi ya kukitazama upya kiwango hicho. Kilichorekebishwa ni njia tu. Fedha zikaanza kutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule, badala ya kupitia halmashauri ambako zilikuwa zikichelewa na kupungua. Hilo lilikuwa jambo zuri na tunalisifu bila kinyongo. Ila zilizonyooshewa njia ni Sh10,000 zilezile.

Tusisingizie kwamba serikali haileti fedha. Inaleta, na mara nyingine inaleta kwa kishindo. Mwishoni mwa 2021, kutokana na mkopo wa UVIKO-19 wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, nchi ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, Sh milioni 20 kwa kila darasa, na Januari 2022 wanafunzi wa kidato cha kwanza wakaingia wote kwa mkupuo mmoja. Arusha ilipata fungu lake na ilikuwa inalihitaji sana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Ni watu 200,000 zaidi ndani ya miaka kumi, na wengi wao wameishia kujenga au kupanga huko Muriet, Terrat, Olasiti na Olmoti, ambako zamani kulikuwa na mashamba ya mahindi na malisho. Watoto wao lazima wakae mahali. Madarasa yale hatuyabezi.

Tunachouliza ni kilichotokea siku ya pili yake. Darasa jipya lina mlango wa kufungwa usiku, taa za kulipiwa, sakafu ya kupigwa deki, ubao wa kuandikiwa, na watoto zaidi wanaokwenda chooni. Wafugaji wa Akheri na Nkoaranga wanafuga ng'ombe wa maziwa bandani, na hakuna hata mmoja wao atakayenunua mtamba wa bei kubwa kisha aseme majani si kazi yake. Serikali yetu ndivyo inavyozifanya shule. Inanunua mtamba, inapiga picha, inaondoka.

Tufanye hesabu ya shule moja, maana kwenye hesabu hakuna porojo. Chukua shule ya wanafunzi 700, ambayo kwa Arusha mjini si kubwa hata kidogo. Kapitesheni yake inayofika shuleni ni Sh milioni 4.2 kwa mwaka, yaani Sh350,000 kwa mwezi. Weka mlinzi wa usiku, mzee mmoja mwenye tochi na koti zito, kwa Sh150,000. Zimebaki Sh200,000. Sasa watoto wafanye mtihani wa muhula: masomo sita, kurasa mbili kila somo, wanafunzi 700. Ni karatasi 8,400, karibu rimu 17. Hata ukiipata rimu kwa Sh12,000 ni Sh200,000 na ushee, na hapo wino haujaguswa, mashine ya kudurufu haijaharibika, na fundi hajaitwa. Fedha ya mwezi imekwisha. Umeme haujalipwa, maji hayajalipwa, chaki hazijanunuliwa.

Mwalimu mkuu afanyeje? Mtihani unaandikwa ubaoni, watoto wananakili maswali kwanza ndipo waanze kujibu, na yule wa nyuma asiyeona vizuri ananakili makosa. Umeme wa LUKU ukiisha, ofisi inakaa giza hadi mwalimu mmoja atie Sh5,000 yake. Anayetia hiyo Sh5,000 ni mwalimu wa mshahara tunaoujua. Kisha mkaguzi anakuja kuuliza kwa nini ufaulu uko chini.

Vyoo ndio usiseme. Mwongozo wa nchi unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yetu ya wanafunzi 700, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 18 ya wasichana na 14 ya wavulana. Tuseme yote yamejengwa, yamepakwa rangi na jina la mfadhili limeandikwa ukutani. Shimo litajaa, na kwenye kata zilizobanana hakuna nafasi ya kuchimba jingine. Lazima liitwe gari la kunyonya majitaka. Kwenye Sh500 za mtoto, senti ya gari hilo iko wapi? Haipo. Ndiyo maana unakuta choo kizuri kimefungwa kufuli na watoto wanapanga foleni kwenye matundu manne ya zamani.

Pengo linalobaki analiziba mzazi, halafu tunajifanya hatumwoni. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango, wa Na. 3 wa 2016 ukaweka utaratibu wa michango ya hiari yenye kibali, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni kwa sauti ambayo kila mwalimu mkuu aliisikia. Michango ikahama. Siku hizi inakuja kwa jina la makubaliano ya kikao cha wazazi: ya mlinzi, ya uji na makande, ya karatasi za majaribio ya kila wiki, ya mwalimu wa kujitolea. Anayekusanya ana daftari la mistari na kalamu. Mwenye uwezo anatoa, asiye na uwezo mtoto wake anaulizwa mbele ya wenzake. Elimu bila malipo inaendeshwa kwa malipo ambayo hayana risiti. Hatuwalaumu walimu kwa hilo. Wengi wao wangefurahi wasikusanye hata mia.

Na mzazi huyohuyo si kwamba hajalipa serikali. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa chanzo cha halmashauri, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi Sh1,500. Angalia muujiza huo: ndani ya miaka miwili kiwango cha kumkata mwananchi kiliweza kurekebishwa bila mtu kupata kizunguzungu, lakini kiwango cha kumpelekea mtoto wake shuleni kimekaa miaka ishirini na zaidi. Nyumba moja ya Sakina inakatwa kwa mwezi fedha sawa na kapitesheni ya watoto watatu. (Na anayekatwa mara nyingi ni mpangaji, kwa nyumba isiyo yake. Hiyo tutaizungumza siku nyingine.)

Tukipanda mlimani shida inabadilika sura. Kuzunguka Mlima Meru, hasa upande wa Ngarenanyuki na Oldonyosambu, maji yanaweza kuwepo bombani na bado yasifae kunywewa, kwa sababu yana madini mengi ya floraidi. Meno ya kahawia ya watoto wa huko yanajulikana nchi nzima. Serikali ina kituo cha utafiti pale Ngurdoto kinachoshughulikia uondoaji wa floraidi, na njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa inajulikana kwa miaka mingi. Kwa shule, njia rahisi kuliko zote ni maji ya mvua: paa la bati, gata, na simtank. Mradi unakuja, tenki linawekwa, watu wanapiga makofi. Mwaka wa pili gata inachomoka kwa upepo, maji yanamwagika ukutani, tenki linakaa kavu, na watoto wanarudi kwenye bomba la floraidi. Kinachohitajika ni vibanio vya gata, misumari, kipande cha bomba na fundi wa nusu siku. Katika mgao wa MMEM, Sh2,000 kwa kila mtoto kwa mwaka ndizo zilizotengwa kwa ukarabati wa shule nzima: paa, madirisha, madawati, vyoo, gata, kila kitu. Shule ya watoto 300 inapata Sh600,000 kwa mwaka. Uliza bei ya simtank la lita 10,000 dukani kisha urudi tuzungumze.

Na hata hizo Sh600,000 hazitumiki kwa urahisi. Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma unapitia mfumo wa NeST, na hatuna ugomvi na nia yake. Wizi wa zabuni kubwa tunaujua. Lakini mwalimu mkuu aliye nyuma ya mlima, ambako mtandao unakuja na kuondoka na mawingu, anayetaka misumari kilo mbili na mfuko wa saruji, asifanywe kama anajenga daraja. Mwenye duka la kijiji hayumo kwenye mfumo, hana mashine ya risiti ya EFD. Aliyemo yuko mjini. Nauli ya kumfuata inamaliza fedha ya misumari. Kiwekwe kiwango kidogo cha fedha taslimu ambacho kamati ya shule inakisimamia, yenye wazazi wanaoijua bei ya msumari kwa sababu jana wamenunua.

Sasa visingizio, maana tumevisikia vyote.

Cha kwanza ni kwamba serikali haina fedha. Tupige hesabu. Wanafunzi wa shule za msingi nchini ni takribani milioni 11. Tuseme zinazofika shuleni zipandishwe kutoka Sh6,000 hadi Sh20,000 kwa mwaka, ambazo hata hivyo zitarudisha tu thamani iliyoliwa na bei. Nyongeza ni Sh14,000 kwa mtoto, jumla Sh bilioni 154. Bajeti ya taifa ya 2025/26 ni Sh trilioni 56.49. Nyongeza hiyo ni chini ya senti 30 katika kila Sh100 za bajeti. Shule yetu ya watoto 700 ingetoka Sh milioni 4.2 hadi Sh milioni 14 kwa mwaka. Mlinzi, umeme, maji, karatasi, na bado gari la majitaka linakuja. Nchi inayojenga uwanja wa mpira wa watu 30,000 hapahapa Arusha kwa ajili ya AFCON 2027, na hatuna neno baya juu ya uwanja huo, tutakwenda kushangilia kama wengine, haiwezi kutuambia imeshindwa kupata senti 30.

Cha pili ni kwamba zitaliwa. Zinaweza kuliwa, ndiyo. Lakini dawa yake inajulikana na haina gharama: karatasi moja ya A4 kwenye ubao wa matangazo, nje, si ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwezi huu tumepokea kiasi hiki, tarehe hii, kwa wanafunzi wangapi. Tumenunua hiki na hiki. Wazazi wanaomsubiri mtoto getini watasoma, na watakaosoma wanajua bei ya rimu. Agizo la kubandika mapato na matumizi lipo siku nyingi. Tembelea shule tano za jirani yako uone ni ngapi zina karatasi hiyo, na kama ipo ni ya mwaka gani.

Cha tatu kinatoka kwa wasomi, na hicho kinastahili jibu la heshima. Mwaka 2013 na 2014, utafiti wa KiuFunza ulioendeshwa na shirika la Twaweza na watafiti wenzake katika shule 350 za msingi ulipeleka Sh10,000 kamili kwa kila mwanafunzi moja kwa moja kwenye akaunti za baadhi ya shule. Alama za watoto hazikupanda kwa fedha peke yake. Zilipanda pale fedha zilipoambatana na bonasi kwa walimu ambao wanafunzi wao walifaulu. Kisha wazazi wa shule zilizopata fedha wakapunguza matumizi yao ya elimu nyumbani. Wapo wanaoupunga utafiti huo kana kwamba umesema ruzuku ni bure. Haukusema hivyo. Umesema fedha bila mwalimu anayefundisha haitoshi, jambo ambalo bibi yeyote wa Moshono angekuambia bila utafiti. Na kile cha wazazi kupunguza matumizi sisi tunakisoma tofauti: mzazi aliyekuwa anabeba mzigo wa serikali aliutua kidogo. Kwa mama anayeuza mboga Soko la Kilombero, hiyo nayo ni faida. Choo safi na mlango unaofungwa haviongezi alama za hisabati moja kwa moja, lakini hakuna mtu anayejenga nyumba yake bila choo kwa hoja kwamba hakimwongezei mtoto alama.

Cha nne ni kujitegemea. Tunaambiwa Arusha ni mji wa Azimio, watu wachangie. Ni kweli Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Kaloleni Januari 1967, kwenye jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Na kuchanga huku hakukuanza jana: Wameru walionyang'anywa ardhi Engare Nanyuki mwaka 1951 walichanga fedha zao wakampeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Watu wa hapa hawafundishwi kujitolea. Wamejenga maboma ya madarasa kwa mawe na mchanga wao kisha wakasubiri bati la serikali hadi ukuta ukaota majani. Anayewakumbusha kujitegemea kila mara ni yule ambaye zamu yake ya kuleta bati imefika.

Kwa nini basi jambo rahisi namna hii linakwepwa? Kwa sababu kapitesheni haina utepe wa kukata. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuzindua kuzibuliwa kwa choo. Na mfumo wenyewe wa bajeti unasukuma upande huohuo: jengo jipya linahesabiwa kuwa ni maendeleo, kulitunza kunahesabiwa kuwa ni matumizi ya kawaida, na halmashauri zenye mapato makubwa zinaelekezwa kupeleka sehemu kubwa ya mapato yake ya ndani kwenye miradi ya maendeleo. Mkurugenzi anayejenga darasa jipya kando ya darasa bovu anapata sifa. Anayekarabati lile bovu kwa robo ya fedha hiyo anaulizwa mbona matumizi ya kawaida yamezidi.

Zahanati zina hadithi ileile, tuipite haraka. Tangu 2017/18 nazo zinapata fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na hilo nalo ni zuri. Lakini watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo wanatibiwa bure kwa sera ya nchi, na hakuna anayeirudishia zahanati gharama ya kila mmoja wao. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulianza na Sh30,000 kwa kaya ya watu sita, Sh5,000 kwa kichwa kwa mwaka mzima. Gozi na glavu hazina msamaha dukani. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kwa ghafla, waliokuwa wamesahau kwamba sehemu ya huduma zetu inaendeshwa na mfuko wa mtu mwingine walikumbushwa asubuhi moja.

Ofisi za mitaa vilevile. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilipofutwa 2003, serikali kuu iliahidi ruzuku ya kufidia, na asilimia 20 yake ilipaswa kushuka hadi vijijini na kwenye mitaa. Nenda leo kafuate barua ya utambulisho uone kama hutaombwa chochote cha karatasi na wino wa muhuri.

Tunalolitaka halihitaji tume. Dodoma ipandishe kapitesheni, na kiwango kipya kipitiwe kila mwaka pamoja na bei, bila kusubiri miaka mingine ishirini. Kila jengo jipya la umma lije na mstari wake wa fedha za kuliendesha, umeandikwa kwenye karatasi ileile inayoidhinisha ujenzi; kama mstari huo haupo, jengo lisianze. Fedha zifike tarehe inayojulikana.

Lakini Jiji la Arusha lisikae kuisubiri Dodoma, wala Halmashauri ya Meru, wala ya Arusha. Jiji lina masoko, stendi, maegesho, leseni na ushuru wa huduma, na watalii wote wa Serengeti na Ngorongoro wanaolala hapa wanaacha kitu. Lina uwezo wa kuchukua ankara tatu tu, maji, umeme na mlinzi, za shule zake zote za msingi, na kuzilipa lenyewe kwa pamoja. Mwalimu mkuu aamke asubuhi asizifikirie. Sh350,000 zake za mwezi zibaki kwa karatasi, chaki na gata. Hilo halihitaji sheria mpya wala kibali cha waziri, linahitaji madiwani waliokubaliana. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba lilikuwa kosa. Zikarudishwa kwa sheria za 1982. Hazikurudishwa ili zipokee maelekezo na kugawa vitambulisho vya wageni waalikwa.

Rasimu za bajeti za halmashauri zinaandaliwa mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge halijakaa Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwa hiyo diwani akija kwenye mkutano wa mtaa wako kati ya Januari na Februari, usimuulize kuhusu maendeleo kwa ujumla, maana hapo atahutubia hadi jua lizame. Muulize maji, umeme na mlinzi wa shule ya kata yako vimeandikwa kwenye kifungu namba ngapi. Akijibu kwamba vimo ndani ya matumizi mengineyo, mwambie akusomee kiasi.